Namna ya Kutazama Mwenendo wa Ndege Nyumbani na Mtaani: Mwongozo kwa Mkazi wa Tabora Anayeanza

Tangu majirani wajue kwamba mimi huamka mapema nikakaa chini ya mwembe na daftari, nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale. La kwanza daima ni "Yule anaitwaje?" La pili ni bei ya darubini, na la tatu ni kama si lazima mtu aende hifadhini ndipo awaone ndege wa maana. Nimeandika mwongozo huu ili niwajibu wote kwa pamoja: jina lisubiri, darubini isubiri, na hifadhi nayo isubiri. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na mtu anayeanza kwa kukimbizana na majina huchoka kabla mwezi haujaandama tena. Anayeanza kwa kujiuliza ndege anafanya nini, na kwa nini anakifanya saa ile, hupata kazi ya mwaka mzima katika uwanja wenye mpapai mmoja na kamba ya kuanikia nguo.

Maelezo haya nimeyajaribu Tabora mjini, lakini mkazi wa Urambo, Sikonge au Nzega atayatumia bila kubadilisha mengi, kwa kuwa mvua zetu hunyesha majira yaleyale, kuanzia Novemba hadi Aprili, na miti ya majumbani haitofautiani sana.

Mahitaji

Tafuta daftari dogo lenye jalada gumu, na penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu wino hutawanyika ukinyeshewa. Saa ya simu inatosha, mradi mlio wake umezimwa. Tafuta pia kigoda au kiti kifupi, nguo za rangi iliyofifia, na sinia pana au kifuniko cha ndoo cha kuwekea maji. Tenga nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki.

Darubini si ya lazima kwa miezi mitatu ya mwanzo. Siku utakapoinunua, chagua iliyoandikwa 8x32 au 8x42: namba ya kwanza ni mara inazokuza, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutiwe na muuzaji anayekusifia ya kukuza mara 20, maana mikono hutetemeka na ndege hugeuka kuwa ukungu unaorukaruka.

Kabla ya kuanza, waambie watu wa nyumbani na majirani unachotaka kufanya, na ikibidi mwarifu mjumbe. Mtu anayekaa kimya alfajiri akikodolea macho paa la jirani hufikiriwa mambo mawili, wizi au uchawi, na hakuna lililo jema kati ya hayo. Usielekeze darubini wala kamera kwenye madirisha ya watu, kambi ya jeshi, gereza au uwanja wa ndege, hata kama ndege wa ajabu ametua hapo.

Hatua za kufuata

1. Chagua mahali pamoja, ukae hapohapo kila siku.

Ukibadilisha mahali kila asubuhi utaona ndege wengi, ila hutaujua mwenendo wa hata mmoja. Kaa ukiegemea ukuta au shina la mti ili umbo lako lisijitokeze, jua likiwa nyuma yako. Siku mbili tatu za kwanza ndege watakukwepa, na kufikia mwisho wa wiki watakuhesabu kuwa sehemu ya uwanja.

2. Panga saa kwa kufuata jua la Tabora.

Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 6 za longitudo, ilhali saa tunazotumia ni zilezile. Kwa hiyo jua letu huchomoza karibu nusu saa baada ya lile la pwani: Novemba ni mnamo saa 12:20 asubuhi, na Julai hukaribia saa 1:00. Anayekaa kitini saa 11:30 kwa mazoea ya pwani atakaa gizani muda mrefu akisikia majogoo tu. Anza robo saa kabla ya jua kuchomoza, wakati sauti ni nyingi, uendelee hadi ndege washuke kula. Kipindi cha pili kizuri ni kuanzia saa 10:30 jioni hadi jua kuzama, wakati yangeyange hupita kwa makundi kwenda kulala. Mchana wa Septemba na Oktoba ndege wengi hukaa kivulini midomo wazi, na huo nao ni mwenendo wa kuandikwa: wanajipoza kwa kuhema, kwa sababu ndege hawatoi jasho.

3. Jifunze kutazama kwa kuanza na kuku.

Hatua hii huchekesha watu, nami sioni haya kuitetea. Kuku ni ndege, hakimbii ukimtazama, na tabia zake nyingi utazikuta kwa ndege wa porini. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei, ambaye katika miaka ya 1920 aliwaeleza wataalamu jinsi kuku wanavyopangana kwa cheo kwa kudonoana, alianza kuwatazama kuku wa nyumbani tangu utotoni. Mwaga konzi moja ya chenga za mchele, kisha andika nani anamdonoa nani, na nani anasogea pembeni kabla ya kudonolewa. Baada ya siku chache utaona kwamba mpangilio haubadilikibadiliki ovyo.

Halafu sikiliza milio ya tahadhari. Jogoo akiona mwewe angani hutoa mlio mrefu mwembamba, na mitetea na vifaranga hujikunyata au kukimbilia chini ya kichaka. Akiona paka au kicheche ardhini hutoa milio mifupi ya kukatikakatika, na wenzake husimama wima shingo zikiwa juu. Hizo ni habari mbili tofauti. Ukishaweza kuzitenganisha ukiwa jikoni bila kuchungulia nje, umeiva kwa hatua inayofuata.

4. Chagua ndege mmoja wa porini umfuate kwa wiki mbili.

Shomoro, tetere na shore wanafaa sana, kwa kuwa hawakosekani na hawaogopi watu mno. Usipolijua jina, tunga lako. Kuna ndege mweusi na mweupe anayetembea juu ya mabati na uwanjani akitikisa mkia kwenda chini na juu bila kupumzika. Katika daftari langu aliitwa Mwenye Mkia kwa miezi saba, na hakuna nilichopoteza. Jina la kutunga ni bora kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu la kutunga halidanganyi.

5. Andika kitendo kwanza, maana baadaye.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Mtu huona tetere dume akivimbisha shingo, akiinamisha kichwa mara kwa mara mbele ya jike huku akinguruma, naye huandika: "Anamsalimia mkewe." Hilo ni tafsiri. Andika: "Saa 1:12. A amevimbisha shingo, ameinama mara saba, amenguruma. B amesogea hatua nne, ameruka. A amemfuata." Ukiwa na maandishi kama hayo ya siku kumi, utajua mwenyewe kwamba ni kubembeleza, na utajua pia ni mara ngapi kubembeleza huko hugonga mwamba. Gawa ukurasa kwa mstari wa wima: kushoto uandike ulichoona, kulia uandike unachodhani, na kulia kubaki kutupu siku ambazo huna cha kudhani.

Kila ukurasa uanze na tarehe, saa, hali ya hewa na mahali ulipokaa. Anayeacha hali ya hewa hujuta mvua zikianza.

6. Tumia njia mbili za kuhesabu, kwa zamu.

Njia ya kwanza ni kumfuata mmoja: unamtazama ndege huyohuyo dakika 10 na kuandika kila anachofanya pamoja na muda wake. Njia ya pili ni kuzungusha jicho: kila baada ya dakika 5 unatazama uwanja mzima mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kuandika wangapi wanakula, wangapi wanachambua manyoya, wangapi wanagombana na wangapi wametulia. Ya kwanza huonyesha mfuatano wa matendo, na ya pili huonyesha uwanja mzima unafanya nini saa ile. Usizichanganye katika kipindi kimoja.

7. Weka maji, na chakula kiwe kidogo.

Kuanzia Juni hadi Oktoba maji yatakuletea ndege kuliko punje. Jaza sinia kina kisichozidi sentimita 5, weka jiwe katikati ambalo kichwa chake kiko juu ya maji, kisha liweke umbali wa hatua tatu hivi kutoka kwenye kichaka au ua wa minyaa: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, na mbali kiasi cha paka kutoweza kuvizia. Hapo tazama wanavyokunywa. Tetere huzamisha mdomo akavuta maji moja kwa moja bila kuinua kichwa, ilhali shomoro na shore huchota kidogo, huinua kichwa na kuacha maji yateremke kooni.

Tahadhari: mwaga maji na usugue sinia kila siku. Maji yaliyokaa siku nyingi huzalisha mbu, na kinyesi kilichochanganyika na maji hueneza magonjwa kati ya ndege, na kwa kuku wako pia. Usiwape ndege makombo yenye chumvi au mafuta.

8. Mvua zikianza, hamia kwa mnana.

Kama una nafasi ya kutazama jambo moja tu kwa mwaka, litazame hili. Mnana dume, wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, hupasua jani la muhindi, la mchikichi au la nyasi ndefu likawa uzi, kisha husuka kwanza pete ambayo husimama ndani yake, na kuizungushia kiota kizima kwa kadiri mdomo wake unavyofika. Kikiisha hujining'iniza chini ya mlango, kichwa chini, akipigapiga mabawa na kupiga kelele ili majike waje kukagua.

Jike huingia, huvutavuta nyuzi, hutoka. Akikikubali, huanza kuleta nyasi laini na manyoya ya kutandika ndani, na dume huenda kusuka kingine kwa ajili ya jike mwingine. Kiota kisipopata mpangaji hukauka na kuwa kahawia, na kwa kuwa majike hupenda kilicho kibichi, fundi mwenyewe hukivunja na kuanza upya mahali palepale. Mama mmoja wa Isevya, ambaye mti wao una viota zaidi ya 40, aliniambia kwamba alikuwa akidhani viota vinavyoanguka vinaangushwa na upepo, mpaka alipoketi akaona mwenyewe.

Fanya hivi: chora mti kwa mistari michache, weka namba kwenye viota kumi tu unavyoviona vizuri, na kila asubuhi andika rangi ya kila kiota (kijani, kijani iliyofifia, kahawia), nani ameingia na kama amebeba kitu mdomoni. Mayai huatamiwa karibu siku 12, na makinda huondoka wakiwa na takribani wiki tatu, kwa hiyo ukiiandika siku ambayo jike alianza kukaa ndani muda mrefu, unaweza kukadiria siku za kelele za kulishana.

Jihadhari na mgeni. Kuna kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa kama shaba mpya, ambaye hutaga katika viota vya mnana na kuwaachia kazi ya kulea. Kinda lake likianguliwa husukuma nje mayai ya wenyeji. Ukiona minana wote wameacha kazi na kumfukuza ndege mmoja mwembamba, huenda ni yeye. Minana nao wana kinga: kila jike hutaga mayai ya rangi na madoa yake, tofauti na ya jirani, na lisilofanana na yake hulitupa.

Tahadhari kubwa: usikate tawi, usisogeze majani, usipande kuchungulia. Mwaka wangu wa kwanza nilikata kitawi cha mpera kilichoziba kiota cha tetere. Kesho yake makinda yote mawili hayakuwepo, na kunguru mwenye kifua cheupe alikuwa juu ya bati akipangusa mdomo. Sikumwona akiyachukua, kwa hiyo upande wa kushoto wa daftari sikumwandika kuwa yeye ndiye. Upande wa kulia nilijiandika mimi.

9. Fuata kelele, ila kwa mbali.

Shore wawili watatu wakishika kichaka kimoja na kukipigia kelele bila kuondoka, na ndege wa aina nyingine wakija kujiunga, pana adui ndani: paka, bundi aliyelala, au nyoka. Simama hatua 15 au zaidi, tazama wote wameelekeza midomo wapi, na usiingize mkono wala fimbo. Kwenye miti ya mnana nyoka huja kula mayai na makinda, na baadhi yao wana sumu kali.

10. Weka alama za mwaka.

Andika tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kila mgeni. Mbayuwayu wa Ulaya huwa nasi kuanzia Septemba au Oktoba, na mnamo Machi na Aprili utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme wakijiandaa kurudi. Tarehe hizo zina faida ukizilinganisha na za mwaka unaofuata, basi usitupe daftari la zamani.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Chozi anagonga kioo cha dirisha kutwa nzima.* Hajaona chakula ndani, wala haleti ujumbe. Dume huona taswira yake kwenye kioo akadhani ni mpinzani aliyevamia eneo lake wakati wa kuzaliana. Pazia la ndani halisaidii, na wakati mwingine huongeza mng'ao. Ziba kwa upande wa nje kwa karatasi au paka maji mazito ya sabuni kwa wiki mbili tatu. Akishambulia vioo vya pikipiki au gari, vivalishe soksi.

*Kuzumburu wanamaliza mapapai.* Hao ni wale wa kahawia wenye mkia mrefu na ushungi, wanaotambaa matawini kama panya. Funika yaliyokaribia kuiva kwa kiroba, waachie moja. Asubuhi ya baridi watazame wakining'inia matumbo yameelekezwa juani. Hula majani mengi, na joto hilo huwasaidia kusaga chakula. Papai moja si ada kubwa kwa onyesho hilo.

*Bundi analia juu ya dari, na wazee wanasema ni mkosi.* Siwezi kubishana na wazee wa watu kwa maandishi, lakini naweza kukuomba uokote vile vidonge vya manyoya na mifupa vilivyoanguka chini ya anapokaa, uvipasue kwa kijiti ukiwa umevaa mfuko wa nailoni mkononi. Utakuta mafuvu ya panya. Bundi hutapika asichoweza kusaga. Sauti ya kufoka kama nyoka usiku mara nyingi ni makinda yake yakidai chakula.

*Kinda limeanguka.* Kama halina manyoya, lirudishe kiotani. Si kweli kwamba mama humkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Kama lina manyoya na linarukaruka, liache, zuia paka na watoto, wazazi wake wako karibu. Usilifuge. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori bila kibali. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na wakifa wengi kwa pamoja mwarifu afisa mifugo wa kata.

*Watoto wa mtaa wana manati.* Kuwafukuza hakujanisaidia hata siku moja. Kilichosaidia ni kuwapa kila mmoja viota vitatu vya kulinda na ukurasa wa kuandika, kwa sababu mtoto mwenye hesabu yake hamruhusu mwenzake aiharibu.

*Naandika mambo yaleyale kila siku.* Badilisha saa kabla ya kubadilisha mahali, au jiwekee swali moja la wiki: nani hufika majini wa kwanza, au shomoro huoga vumbi saa ngapi.

*Bado nataka jina.* Haya. Andika ukubwa kwa kumlinganisha na shomoro, tetere au kunguru. Umbo la mdomo. Rangi ya kichwa, kifua na mkia. Na alichokuwa akifanya. Kisha waulize wazee, hasa walina asali, ambao wanawajua ndege kwa Kinyamwezi na kwa matendo yao. Baada ya hapo ndipo ufungue programu ya simu kama Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, inayotolewa bila malipo. Ukipewa majina mawili yanayopingana, yaandike yote mawili pamoja na aliyekutajia, uendelee kumwita kwa jina ulilomtungia.